Gololi, udongo na ndoo ya maji: namna ya kufundisha nishati tuli na nishati mwendo

Swali lilikuwa jepesi kiasi kwamba nililiweka la kwanza kwenye jaribio ili kuwapa wanafunzi moyo. Jiwe liko sakafuni, halisogei; je, lina nishati tuli? Zaidi ya nusu ya kidato cha pili waliandika ndiyo, na sababu waliitoa bila wasiwasi: kwa sababu limetulia. Swali la pili lilihusu embe lililo katikati ya safari kutoka tawini kwenda chini. Hapo wengi waliandika kwamba nishati tuli imekwisha, maana embe halijatulia tena. Ajabu ni kwamba maswali ya hesabu yaliyofuata waliyapata vizuri tu. Tungamo wakaliweka mahali pake, kimo mahali pake, wakazidisha, wakaandika juli, kipimo cha nishati.

Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa halikuwa lao. Neno ndilo lililowapoteza. Mtoto aliyeambiwa "kaa tuli!" tangu alipojua kutambaa, ukimtajia nishati tuli atakuelewa vile Kiswahili chake kinavyomwelekeza: nishati ya kitu kilichotulia, kumbe ni akiba inayotokana na mahali kitu kilipo au kilivyo. Nishati mwendo nayo inapokuja, inakamilisha makosa. Sasa dunia ina makundi mawili, vitu vinavyokwenda na vitu visivyokwenda, na kila kundi na nishati yake.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa namna ya kuutegua mtego huo kwanza, fomula zije baadaye. Nimeutumia kwenye madarasa ya wanafunzi 60 na zaidi, bila maabara. Unahitaji vipindi vitatu vya dakika 40, au kipindi kimoja pacha na kingine cha kawaida.

Vifaa vya kukusanya mapema

Wape wanafunzi siku tatu za kuleta vitu, maana wao ndio wenye maghala. Kila kundi la watu wanane linahitaji:

- gololi moja ya kioo, ile ya kuchezea, na gololi moja ya chuma ya ukubwa uleule (fundi magari yeyote anazo kutoka kwenye beringi zilizokufa)
- donge la udongo wa mfinyanzi la ukubwa wa ngumi mbili
- rula na utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani unatosha
- kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa kwa urefu, kama mita moja, kiwe mfereji
- kikombe chepesi cha plastiki kilichokatwa upande mmoja kama mlango
- maharage 20 na mabakuli matatu

Wewe mwalimu tafuta chupa ya lita moja na nusu yenye kifuniko kinachokaza, kamba imara, kopo tupu la maziwa ya unga lenye mfuniko wake, raba bendi na nati moja kubwa ya bolti.

Udongo ndio unaoharibu somo kuliko kitu kingine. Ukiwa mkavu gololi inadunda, ukiwa rojorojo inazama na shimo linajifunika. Uukande jioni ya kuamkia somo mpaka uwe kama unga wa chapati uliokaa vizuri, usioganda mkononi, kisha uufunge kwenye mfuko wa plastiki ulale humo. Usiwaachie wanafunzi waukande asubuhi. Kila kundi litakuja na udongo wa aina yake na majibu hayatalingana.

Hatua ya kwanza: inua kitu, uliza kilichotumika kimekwenda wapi

Mwite mwanafunzi mmoja mbele. Mpe begi lililojaa vitabu, aliinue kutoka sakafuni aliweke juu ya meza. Uliza darasa: ametumia nini? Watasema nguvu. Sawa, usiwasahihishe kwanza. Uliza la pili: hiyo nguvu aliyoitumia, sasa iko wapi?

Hapa nyamaza. Nimejifunza kuhesabu mpaka 20 kimoyomoyo, kwa sababu kishawishi cha kujibu mwenyewe ni kikubwa. Mmoja atasema imeisha. Mwingine atasema iko kwenye misuli yake. Kisha lisukume begi liporomoke sakafuni, pu! Uliza kishindo hicho kimetoka wapi, na nani amekigharimia. Mara nyingi kuna mtoto wa nyuma atakayesema, kwa sauti ya kujaribu, "Ni ile ile aliyolinyanyulia."

Huyo ndiye umsimamishe arudie.

Baada ya hapo leta mfano wa kibubu. Ukitia sarafu kwenye kibubu hazionekani wala hazilii, lakini zipo, na siku ya kukivunja zitatoka zilezile ulizotia. Kunyanyua begi ni kutia kwenye kibubu. Begi lililo mezani lina akiba. Mimi huandika ubaoni "nishati tuli = nishati ya AKIBA" kwa herufi kubwa, nawaambia kwamba kila watakapoona "tuli" kwenye mtihani wasome "akiba" kichwani. Jina rasmi wataliandika kwenye majibu, maana msahihishaji analitaka, ila kichwani wawe na akiba.

Jambo moja la kujihadhari nalo: usiseme akiba iko "ndani ya begi". Begi peke yake angani, mbali na dunia, halina pa kuangukia. Akiba ipo kati ya begi na dunia inayolivuta. Kidato cha kwanza huna haja ya kuwachosha na hilo, lakini ulimi wako usilipande kosa ambalo mwalimu wa kidato cha tano atahangaika kuling'oa.

Sasa ndipo utenganishe maneno. Nguvu ya mtaani inabeba mizigo mitatu: kani, ambayo ni msukumo au mvuto, nishati, ambayo ni uwezo wa kufanya kazi, na kasi ya kufanya hiyo kazi, ambayo vitabuni inaitwa tena nguvu. Dakika tano zinatosha. Tofauti wataishika kwa kuitumia.

Hatua ya pili: gololi mbili, shimo moja

Jaribio hili nalipenda kuliko yote, na lina umri wa miaka 300. Mwaka 1722 Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba nyeupe kwenye udongo laini na kupima mashimo yake. Wakati huo wanasayansi wa Ulaya walikuwa wanavutana: "nguvu" ya kitu kinachokwenda hupimwa kwa tungamo mara mwendo, au kwa tungamo mara mwendo kipeo cha pili? Wafuasi wengi wa Newton walishikilia la kwanza, wafuasi wa Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani, la pili. Udongo ukasimama upande wa Leibniz. Mwanamke wa Kifaransa, Émilie du Châtelet, akaitetea hoja hiyo katika kitabu chake cha fizikia cha mwaka 1740, na ni yeye huyohuyo aliyetafsiri kazi kuu ya Newton kwa Kifaransa. Wasimulie wasichana wa darasa lako habari hii kwa sentensi tatu, kisha endelea na kazi.

Pima kwanza gololi zako. Za kipenyo cha milimita 16 nilizonazo mimi, ya kioo ina gramu 5 na nusu hivi, ya chuma inakaribia gramu 17. Yaani chuma ni mara tatu ya kioo. Kama shule haina mzani mdogo, sonara au muuza viungo atakupimia bure ukimweleza unachofanya.

Sawazisha uso wa udongo kwa rula. Kabla ya kuangusha chochote, uliza: nikiangusha zote mbili kutoka sentimita 30, ipi itachimba zaidi? Wote watasema ya chuma, na watakuwa sahihi. Wafanye, waone. Halafu swali lenyewe: gololi ya kioo tuiangushe kutoka kimo gani ili ichimbe shimo lililo sawa na la chuma kutoka sentimita 30?

Kila kundi liandike utabiri wake kwenye karatasi kabla ya kugusa gololi. Hii si hiari. Mwanafunzi asiyetabiri anatazama tu. Aliyetabiri ana kesi ya kushinda au kushindwa. Wengine wataandika 60, wengine 45, wachache watafikiri kidogo na kuandika 90. Waangushe kutoka vimo vyote hivyo, kila kimo mara tatu, na kulinganisha upana wa mashimo kwa rula. Kwenye 90 mashimo yanaoana. Darasa moja walinigomea wakidhani nimechezea udongo, wakaanza upya kwa udongo wa kundi la jirani. Niliwaacha, na ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote za muhula ule.

Sasa fomula imekuja yenyewe. Tungamo mara tatu, kimo theluthi, akiba ileile. Andika: nishati tuli = tungamo × mvutano × kimo, yaani mgh. Kwa g tumia 10 ili hesabu isiwazibe macho. Gololi ya chuma: kilo 0.017 × 10 × mita 0.3, unapata juli 0.05. Ya kioo: 0.0055 × 10 × 0.9, karibu 0.05 vilevile. Juli, kwa heshima ya Mwingereza James Joule, ni kiasi kidogo. Ukinyanyua tufaha dogo la gramu 100 kwa mita moja umetumia juli moja.

Makosa ya kawaida hapa ni kuisukuma gololi badala ya kuiachia, na kupima kimo kutoka mezani badala ya kutoka uso wa udongo. Pita kila kundi uangalie mkono wa anayeachia.

Hatua ya tatu: mwendo ukiongezeka mara mbili

Hapa ndipo penye elimu ya barabarani, kwa hiyo usiharakishe.

Egemeza mfereji kwenye vitabu, mwisho wake ulale mlalo kwenye ukingo wa meza. Achia gololi ya chuma kutoka kimo cha sentimita 5 juu ya ukingo, iruke nje ya meza itue kwenye trei ya mchanga sakafuni. Pima umbali kutoka chini ya ukingo hadi ilipotua. Gololi zote zinatumia muda uleule kuanguka kutoka meza ileile, kwa hiyo iliyotua mbali mara mbili ilikuwa na mwendo mara mbili. Eleza hili polepole, lina ugumu wake.

Uliza: tuiachie kutoka wapi ili itue mbali mara mbili? Karibu kila mtu atasema sentimita 10. Haifiki. Wajaribu 15, haifiki. Kwenye 20 ndiyo. Kimo mara nne, mwendo mara mbili.

Kisha weka mfereji sakafuni au katikati ya meza ndefu, na mwishoni mwake kile kikombe kilichokatwa mlango, gololi iingie na kukisukuma. Kutoka sentimita 5 kikombe kitasogea kiasi fulani. Kutoka sentimita 20 kitasogea karibu mara nne ya hapo. Sasa unganisha mambo mawili waliyoyaona kwa macho yao: mwendo mara mbili, kazi mara nne. Mwendo mara tatu, kazi mara tisa. Ndiyo maana fomula ya nishati mwendo ina v kipeo cha pili: nusu × m × v².

Mwanafunzi mwerevu atauliza nusu imetoka wapi. Mwambie kitu kinachoanguka kinaanzia sifuri na kufika mwendo v, kwa hiyo mwendo wake wa wastani ni nusu ya v. Nusu ile ndiyo hii. Akitaka uthibitisho, fanyeni pamoja: kimo ni wastani mara muda, muda ni v gawanya kwa g, weka kwenye mgh, inabaki ½mv². Mistari mitatu.

Onyo kwa mwalimu, maana mimi lilinikuta mbele ya darasa. Ukitaka kukokotoa mwendo wa gololi kutoka kimo cha sentimita 20 kwa kusawazisha mgh na ½mv², utapata mita 2 kwa sekunde, na kwenye meza ya sentimita 75 utatabiri itue kwenye sentimita 77. Haitatua hapo. Itatua kwenye 65 hivi, au pungufu. Mara ya kwanza nilisingizia msuguano, nikajua moyoni kwamba nadanganya. Ukweli ni kwamba gololi haitelezi, inabingirika, na kubingirika nako ni mwendo: sehemu mbili kati ya saba za nishati yake zinakwenda kwenye kujizungusha, hata kama msuguano usingekula chochote. Kwa hiyo kwenye mfereji linganisha tu (mara mbili, mara nne), usitabiri sentimita. Ukitaka kutabiri namba kamili tumia kitu kinachoanguka wima.

Halafu wape hesabu hii ya bodaboda. Pikipiki, dereva na abiria kwa pamoja kilo 250. Kwenye kilomita 36 kwa saa, ambayo ni mita 10 kwa sekunde, nishati mwendo ni juli 12,500. Kwenye kilomita 72 kwa saa ni 50,000. Sasa warudishe kwenye kimo: kitu cha kilo 250 kingepaswa kuanguka kutoka juu kiasi gani kupata nishati hiyo? Ya kwanza, mita 5, paa la nyumba. Ya pili, mita 20, ghorofa ya sita. Darasa langu lina vijana ambao kaka zao ni madereva wa boda. Hesabu hii huwa inaondoka nao.

Hatua ya nne: embe na maharage 20

Sasa rudi kwenye embe lililoniumbua.

Embe dodo la gramu 400 liko kwenye tawi la mita 5. Wakokotoe akiba yake: 0.4 × 10 × 5, juli 20. Kila kundi liweke maharage yote 20 kwenye bakuli la kwanza, lililoandikwa AKIBA. Bakuli la pili liandikwe MWENDO. La tatu liache bila jina.

Embe linaachia tawi. Kwenye mita 4, kokotoa: akiba 16. Hamisha maharage manne kwenda MWENDO. Mita 2 na nusu, kumi kwa kumi. Simama hapo makusudi, embe likiwa hewani katikati ya safari, na uliza swali lilelile: je, lina nishati tuli? Maharage yapo bakulini, wanayaona, mtu hawezi kusema yamekwisha kwa sababu embe linatembea. Kitu kimoja, wakati mmoja, nishati mbili. Kwenye mita 1, akiba nne, mwendo kumi na sita. Nywele moja kabla ya ardhi, bakuli la akiba tupu na la mwendo limejaa: mwendo wa mita 10 kwa sekunde, tukiiacha hewa.

Embe linatua. Halisogei. Akiba sifuri, mwendo sifuri. Maharage yaende wapi?

Usijibu. Wengine watayamwaga mezani, wengine watayashika mkononi kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake. Kisha wape jina la bakuli la tatu, JOTO NA KISHINDO, na kazi ya kulipasua ngozi embe lenyewe. Hakuna harage lililoongezeka wala kupotea tangu mwanzo. Hapo ndipo kanuni ya kutunzwa kwa nishati inaeleweka bila kukaririwa.

Kabla hawajakusanya maharage, ongeza swali moja. Chini ya mwembe pale pale kuna kisima kikavu cha mita 5. Embe likiwa tawini lina akiba ya juli ngapi ukihesabu mpaka sakafu ya kisima? Arobaini. Embe ni lilelile! Kwa hiyo akiba unaihesabu kutoka sifuri uliyoichagua wewe, na ukishaichagua usiibadilishe katikati ya hesabu. Jiwe la sakafuni, lile la jaribio, jibu lake linategemea sifuri umeiweka wapi; kutulia kwake hakuhusiki kabisa.

Hatua ya tano: chupa na pua ya mwalimu

Funga kamba kwenye kenchi, chupa iliyojaa maji ining'inie kimo cha kifua. Simama umeegemea ukuta, vuta chupa mpaka iguse ncha ya pua yako, iachie. Inakwenda, inarudi, inasimama sentimita chache kabla ya uso wako. Mayowe yatasikika mpaka ofisi ya mkuu wa shule, mpe taarifa mapema.

Masharti ni mawili: usiisukume, na usisogeze kichwa mbele baada ya kuachia. Ukisukuma umetia maharage ya ziada na yatakurudia puani. Jaribu fundo la kamba mara kadhaa ukiwa peke yako kwanza, na jaribio hili alifanye mwalimu tu, mwanafunzi hapana.

Hatua ya sita: akiba isiyo ya kimo

Mpaka hapa watadhani akiba ni lazima itokane na kuinuliwa. Toboa matundu mawili kwenye kitako cha kopo na mawili kwenye mfuniko. Pitisha raba bendi kwenye matundu hayo, ivukane katikati kama namba nane, na pale inapovukana funga nati ining'inie bila kugusa ukuta wa kopo. Funika. Libingirishe kopo sakafuni taratibu. Litakwenda, litapunguza mwendo, litasimama, halafu litarudi kwako lenyewe.

Usiwaonyeshe ndani mpaka watoe maelezo yao. Nimesikia sumaku, nimesikia sakafu imeinama, na mmoja aliwahi kutaka kopo liombewe. Ukilifungua wataona: nati ni nzito, haizunguki na kopo, kwa hiyo raba inajisokota. Mwendo umeingia kwenye kibubu cha raba, kisha ukatoka. Manati, upinde, spring'i ya kalamu, vyote ni ukoo huo. Manati yenyewe itaje tu kwa mdomo, usiilete darasani kama unapenda vioo vya madirisha.

Chakula na mafuta ya taa navyo ni akiba, ya kikemia. Sentensi moja inatosha kwa sasa.

Hatua ya saba: ndoo na uniti za LUKU

Maliza kwa kitu wanachokijua wazazi wao. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kuipandisha ghorofa ya kwanza, mita 3, ni juli 600. Sasa uniti moja ya umeme, ile ya kwenye risiti ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), ni juli 3,600,000. Gawanya. Ni safari 6,000 za ndoo kupanda ngazi ili kupata uniti moja. Wape muda wapige hesabu wenyewe, kwa sababu ukiwatajia hawataamini.

Halafu geuza. Kama kupandisha maji ni kazi kubwa hivyo, maji ambayo jua na mvua vimeshayapandisha milimani bure ni mali. Kwenye kituo cha Kihansi, katika miteremko ya Udzungwa, maji huporomoka takribani mita 850 kabla ya kufika kwenye mitambo yenye uwezo wa megawati 180. Mita moja ya ujazo, lita 1,000, kwa kimo hicho ina juli 8,500,000, uniti mbili na ushei kabla ya hasara za njiani. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, halina kimo cha namna hiyo. Lenyewe linategemea wingi wa maji. Waulize ni herufi ipi ya mgh inayofanya kazi kubwa kwenye kila kituo. Ukipata jibu hilo kwa wanafunzi 40 kati ya 60, somo limeingia.

Kama muda hautoshi

Kata chupa, kata kopo, hata mfereji uuhamishie wiki ijayo. Udongo na maharage usiviguse. Ukibaki na kipindi kimoja tu, fanya begi, gololi mbili, na embe, kwa mpangilio huo.

Kwenye jaribio, usiulize "nishati tuli ni nini". Toa mchoro wa kitu kilicho njiani na uwaambie wachore mabakuli. Weka pia swali moja ambalo kitu kimesimama lakini akiba yake ni sifuri, na moja ambalo kitu kinakwenda huku akiba yake haibadiliki, kama basi kwenye barabara tambarare.

Lile swali la jiwe bado nalitumia, ila nimelibadilisha kidogo: jiwe limelala kwenye sakafu ya darasa la ghorofa ya pili, je, lina nishati tuli? Muhula uliopita msichana mmoja hakuandika ndiyo wala hapana. Aliandika: "Inategemea, mwalimu, dirisha liko wazi?"